Gari la miguu minne la matofali ya plastiki: Namna linavyojengwa na sababu ya kuanguka kwake

KATIKA Wilaya ya Rungwe, neno tofali humletea msikilizaji picha ya udongo uliofyatuliwa, ukaanikwa, kisha ukachomwa kwenye tanuri lililorundikwa kando ya shamba la migomba. Lipo hata hivyo tofali la namna nyingine, dogo kiasi cha kuenea kiganjani, la plastiki ngumu na lenye vinundu juu, ambalo kwa zaidi ya miaka 60 limetumika kujengea karibu kila kitu ambacho fikra za binadamu zinaweza kukibuni. Miongoni mwa vitu hivyo, kinachowasumbua wajenzi kuliko vingi ni gari la miguu: mashine kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi ambayo haina magurudumu, bali hutembea kama mnyama.

Ugumu wake hauko katika wingi wa matofali. Uko miguuni. Nyumba, meli au mnara wa matofali hayo husimama juu ya kitako kipana, ilhali gari la miguu hubeba karibu uzito wake wote juu, kisha huukabidhi kwa nguzo nne nyembamba zenye viungo. Mjenzi aliyetumia miezi kadhaa na fedha nyingi anaweza kulala usiku sanamu yake ikiwa imesimama, akaamka na kuikuta imepiga magoti, kiwiliwili kimesambaa sakafuni, na hakuna aliyeigusa. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, na ni yapi yanayopasa kufahamika na mwalimu, mzazi au kijana wa Tukuyu anayekusudia kujenga sanamu ya namna hiyo kwa kimo cha meta moja au zaidi.

Fikra ya mashine itembeayo si ngeni. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, katika riwaya yake ya uvamizi kutoka sayari ya Mars iliyotoka kama kitabu mwaka 1898, aliwapa wavamizi hao mashine ndefu za miguu mitatu. Mguu mmoja ukiinuliwa, mashine ya namna hiyo hubaki na miwili, na yeyote aliyepata kusimamisha kiti kibovu anajua mwisho wake. Wells alijenga kwa maneno, na karatasi haianguki.

Lililo mashuhuri kuliko yote ni gari la miguu minne la filamu ya Star Wars ya mwaka 1980, The Empire Strikes Back, linaloonekana likivuka uwanda wa theluji kwenda kushambulia ngome ya waasi. Jina lake la kifupi ni AT-AT, na kimo chake katika hadithi hiyo ni meta 22.5, yaani kama jengo la ghorofa saba. Msanifu Joe Johnston alilichora akiwa ameathiriwa na michoro ya Syd Mead, aliyekuwa amechora lori la miguu minne miaka ya 1960 kwa ajili ya kampuni ya chuma ya Marekani. Upo uvumi wa siku nyingi kwamba umbo hilo lilitokana na winchi za kupakulia makontena katika bandari ya Oakland, California. Mtu aliyeziona winchi za bandari ya Dar es Salaam kwa mbali wakati wa jioni anaweza kuusadiki, lakini George Lucas, mwenye filamu yake, aliukanusha.

Katika filamu hiyo hakukuwa na mashine kubwa. Zilitumika modeli za mezani zenye mifupa ya chuma, zilizopigwa picha moja baada ya nyingine: fundi alisogeza mguu kidogo, kamera ikapiga, akasogeza tena, na kwa kila sekunde moja ya filamu zikahitajika picha 24. Theluji ilikuwa soda ya kuokea mikate. Mafundi walichomoza kupitia vilango vilivyofichwa chini ya jukwaa ili waifikie miguu bila kuvuruga theluji hiyo. Kabla ya kuanza, Phil Tippett na wenzake walichunguza kwa makini picha za tembo akitembea, na ndiyo maana mwendo wa mashine hizo unaonekana mzito na wa kweli.

Gari la kweli la namna hiyo lilipata kutengenezwa. Mwaka 1968 kampuni ya General Electric ilikuwa imekamilisha, kwa ajili ya Jeshi la Marekani, gari la miguu minne lililobuniwa na mhandisi Ralph Mosher, lenye uzito wa karibu kilo 1,400. Dereva aliongoza miguu ya mbele kwa mikono yake na ya nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Liliweza kukwea vizuizi, lakini dereva alichoka upesi mno kwa kufikiri miguu minne kwa wakati mmoja, na mradi haukuendelea.

Tofali lenyewe

Tofali la plastiki lina asili ya useremala. Ole Kirk Christiansen, seremala wa mji mdogo wa Billund nchini Denmark, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, na miaka miwili baadaye akaipa kazi yake jina la LEGO, ambalo ni ufupisho wa maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Matofali ya plastiki yalifuata mwaka 1949, yakiwa yameiga kwa karibu yale ya Mwingereza Hilary Page. Hayakushikamana sawasawa kwa kuwa yalikuwa matupu ndani. Dawa ilipatikana katika hataza iliyoombwa Januari 28, 1958: mirija iliwekwa ndani ya tumbo la tofali, na vinundu vya tofali la chini vikawa vinabanwa baina ya mirija hiyo na kuta. Tofali la mwaka huo huingiliana na la leo bila taabu. Tangu mwaka 1963 hutumika plastiki iitwayo ABS, ambayo ni ngumu, haivimbi kwa unyevu na hurudi katika umbo lake baada ya kubanwa.

Vipimo vyake vinapasa kukaririwa. Kutoka katikati ya kinundu kimoja hadi cha pili ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kuhesabu vinundu, ni milimita 9.6. Bamba jembamba lina milimita 3.2, hivyo mabamba matatu ni sawa na tofali moja. Mwanafunzi atakayetulia na tarakimu hizo atagundua kwamba mabamba matano yaliyopangwa moja juu ya jingine yana milimita 16, sawasawa na vinundu viwili, na kwamba matofali matano yana milimita 48, sawasawa na vinundu sita. Mjenzi wa miguu huishi kwa tarakimu hizo mbili, kama itakavyoonekana.

Nguvu ya tofali moja huwashangaza wengi. Mwaka 2012 wahandisi wa chuo kikuu cha Open University cha Uingereza walilikandamiza kwa mashine tofali la vinundu vinne hadi likasalimu amri. Lilistahimili mzigo wa karibu kilo 430 kabla ya kulainika na kubonyea. Kwa hesabu yao, matofali yapatayo 375,000 yangeweza kupangwa juu yake, mnara wa karibu kilomita 3.5, ambao ungekuwa mrefu kuliko kimo cha Mlima Rungwe kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo sanamu ya gari la miguu haianguki kwa sababu tofali limepasuka. Huanguka kwa sababu matofali mawili yameachiana, au kwa sababu kiungo kimezunguka pale kilipotakiwa kutulia.

Sanamu hukua, tofali halikui

Mwaka 1638 Galileo alieleza kwamba mnyama hawezi kukuzwa tu kama picha. Akiongezwa kimo mara mbili, uzito wake huongezeka mara nane, wakati unene wa mfupa, yaani eneo la mkato wake, huongezeka mara nne pekee. Ndiyo sababu mguu wa tembo haufanani na wa mbuzi aliyekuzwa.

Kwa mjenzi wa matofali hali ni mbaya zaidi. Mnyama hukua pamoja na mifupa yake, lakini tofali hubaki na milimita zake nane, na ekseli ya plastiki inayopita katikati ya goti hubaki nyembamba kama ilivyokuwa. Tuseme sanamu ya kimo cha sentimeta 60 ina uzito wa kilo 6. Ikijengwa kwa sentimeta 120 kwa umbo lile lile na ujazo ule ule, itakuwa na kilo 48. Pamoja na hayo, umbali kutoka kiungo hadi mstari wa uzito umeongezeka mara mbili, na nguvu ya kupindisha kiungo ni uzito ukizidishwa kwa umbali huo. Nane mara mbili ni 16. Ekseli ile ile iliyokuwa ikitosha kwa raha sasa inadaiwa mara 16 ya ilivyozoea. Wengi wanaoanza hawaijui hesabu hii, na huilaumu plastiki.

Njia ya kujiokoa ni kuacha kujaza. Kiwiliwili kikiwa ganda tupu lililoshikwa na kiunzi chembamba cha ndani, uzito huelekea kuongezeka mara nne badala ya nane. Wajenzi wazoefu hupima kila kilo inayoingia juu ya nyonga kwa uchungu kama mchukuzi apandaye mlima na mkungu wa ndizi.

Hesabu hiyo hiyo huamua gharama. Novemba 2021 kampuni ya LEGO ilitoa seti kubwa ya AT-AT yenye vipande 6,785, kimo cha sentimeta 62 na urefu wa sentimeta 69. Hiyo ni takriban kipimo cha moja kwa 36. Bei yake Marekani ilikuwa Dola 799.99, ambazo kwa viwango vya wakati huo zilikaribia Sh1.8 milioni, kabla ya usafiri na ushuru. Anayetaka kuifikisha meta moja kwa ujenzi wa ganda tupu atahitaji vipande karibu 17,600. Akikuza kila kitu kwa ujazo, vitafika 28,000 na ziada. Kwa wastani wa bei ya kipande katika seti hiyo, ni tofauti ya kati ya Sh4.8 milioni na Sh7.7 milioni. Busara ya fundi hapo ina thamani ya karibu Sh3 milioni.

Yapo matofali ya bei nafuu. Hataza za awali zilikwisha muda wake, na viwanda vingine hutengeneza matofali yanayoingiliana na yale ya Denmark. Kwa kuta na mapambo mengi kati ya hayo yanafaa. Kwa miguu inapasa kuwa mwangalifu, kwa sababu mshikamano hutegemea usahihi wa mikroni chache, na tofali lililolegea kidogo halionekani kwa macho hadi siku ya kubeba. Kipimo rahisi ni kushikamanisha matofali kumi katika mstari mmoja kwa vinundu viwili viwili, kuushika ncha moja na kuutikisa.

Miguu

Mguu wa sanamu kubwa usijengwe kwa matofali yaliyopangwa tu. Vinundu hustahimili kukandamizwa, lakini vikivutwa huachia, na mguu unaopinda huwa umekandamizwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Ndani ya kila mguu uwekwe uti wa boriti zenye matundu, zilizofungwa kwa pini, na matofali yabaki kuwa nyama na ngozi. Hapo ndipo tarakimu zilizotajwa zinapofaa: boriti iliyosimama wima itaingiliana na matundu ya matofali yaliyolala endapo tu vimo vimepangwa ili vilingane na milimita 8. Tofali moja na mabamba mawili ni milimita 16. Asiyefuata kanuni hiyo atajikuta akilazimisha pini, na pini iliyolazimishwa huacha plastiki katika mkazo wa kudumu.

Uti huo nao huyumba kama mlango mbovu usipowekewa kipande cha mshazari. Fundi mwashi yeyote wa Tukuyu anaijua dawa. Anapopima pembe ya msingi wa nyumba huvuta kamba, akahesabu tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na kuhakikisha mshazari ni tano. Boriti za plastiki zinatii kanuni hiyo hiyo ya Pythagoras: matundu yakiachana kwa nafasi 3 na 4, boriti ya nafasi 5 huingia bila kubanwa, na fremu hukakamaa papo hapo. Fundi huyo huyo anajua pia kwamba maungio ya matofali hayapangwi katika mstari mmoja wa wima, bali kila tofali hukalia maungio ya mawili yaliyo chini yake. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba watu wazima wenye elimu kubwa hulisahau jambo hilo wanaposhika tofali la rangi.

Viungo ni suala gumu zaidi. Kiungo kinachotegemea msuguano tu hakifai kwa sanamu kubwa: leo kitashika, baada ya juma moja kitakuwa kimeteleza nyuzi mbili, na nyuzi mbili katika nyonga ni sentimeta kadhaa kwenye kichwa. Plastiki iliyo chini ya mzigo wa kudumu hulegea polepole hata isipovunjika. Wajenzi hutumia mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni gia ya skrubu: skrubu ikizungushwa huizungusha gia yenye meno, lakini gia haiwezi kuizungusha skrubu. Mjenzi hurekebisha goti kwa kuzungusha ufunguo, na uzito wa sanamu, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kulirudisha nyuma. Gia ya meno 24 huhitaji skrubu izunguke mara 24 ili yenyewe izunguke mara moja, hivyo marekebisho huwa madogo na ya uhakika. Njia ya pili ni kukubali kwamba sanamu haitatembea, kuchagua mkao mmoja, na kuifunga miguu katika mkao huo kwa boriti za mshazari zilizofichwa ndani. Haina fahari, lakini kwa sanamu inayozidi meta moja ndiyo inayoshauriwa kwa mjenzi wa mara ya kwanza.

Hata mafundi wakubwa hawaoni aibu kutumia chuma. Mwaka 2013 kampuni ya LEGO ilionyesha katika uwanja wa Times Square, New York, chombo cha anga cha Star Wars kilichojengwa kwa ukubwa wake wa kwenye filamu, kwa matofali zaidi ya milioni 5.3. Kilikuwa na uzito wa karibu tani 21, kilichukua saa 17,336 za kazi ya wajenzi 32, na ndani yake mlikuwa na kiunzi cha chuma.

Mguu wa kwanza ukikamilika, usijenge wa pili. Usimamishe mguu huo peke yake kati ya viegemeo viwili vya kuuzuia usianguke kando, weka ubao juu, na juu ya ubao weka ndoo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo mjenzi ana mzani kamili bila kununua chochote. Kama sanamu itakuwa na kilo 20, kila mguu utabeba kilo 5 wakati wa utulivu. Jaribio liwe la kilo 10, na ndoo iachwe usiku kucha. Alama ya kalamu iliyochorwa kwenye kiungo jioni itasema asubuhi kama kimeteleza.

Kutembea

Aliyepania kuifanya sanamu itembee na aanzie kwa ng'ombe. Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, hivyo mwalimu hana haja ya kutafuta picha za tembo. Ng'ombe anayetembea taratibu huinua mguu wa nyuma wa kushoto, kisha wa mbele wa kushoto, halafu wa nyuma wa kulia na wa mbele wa kulia. Katika mwendo wa polepole kabisa, mguu mmoja ukiwa hewani mitatu hubaki chini, nayo huchora pembetatu juu ya ardhi. Kitovu cha uzito kikiwa juu ya pembetatu hiyo, mnyama yuko salama. Kikitoka nje yake, ataanguka au atalazimika kuweka mguu haraka. Ng'ombe husogeza kiwiliwili na kichwa bila kufikiri ili kitovu hicho kibaki ndani. Sanamu haina akili hiyo. Inabidi iundiwe ama mwendo wa kuhamisha uzito kando kabla ya kuinua mguu, ama nyayo pana mno, ama hatua fupi za kukokota.

Seti ya AT-AT yenye mota iliyotolewa mwaka 2007, ya vipande 1,137, ilichagua mwendo mfupi, na ilitembea kweli, mbele na nyuma, kwa madaha ya mzee aliyevaa viatu vya kuazima. Haikuwa kubwa. Msanii wa Kiholanzi Theo Jansen, ambaye tangu mwaka 1990 ametengeneza kwa mabomba ya plastiki ya nyaya za umeme wanyama wakubwa wanaotembea ufukweni kwa nguvu ya upepo, aliepuka tatizo la uzito kwa njia nyingine: aliwapa miguu mingi, hivyo wakati wowote kuna ya kutosha chini.

Plastiki na mianzi

Afrika Mashariki inao mfano wake wa kitu kikubwa cha plastiki kilichotakiwa kustahimili mizigo. Jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa meta 9, lilijengwa Lamu, Kenya, chini ya fundi Ali Skanda kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, likapambwa kwa ndala 30,000 zilizookotwa, na kuingizwa majini Septemba 2018. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa karibu kilomita 500. Halikuwa la matofali ya vinundu, lakini mafundi wake walikabili jambo lile lile, kwamba plastiki hupinda kuliko mbao na haiwezi kuchukuliwa tu badala yake kwa vipimo vile vile.

Rungwe nayo ilikuwa na maarifa yake ya kale kuhusu kiunzi na kijazio. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita Unyakyusa mwaka 1879, alisifu nyumba alizozikuta. Kuta zilikuwa za mianzi iliyoinamishwa kidogo kwa nje, na katikati ya mianzi yalipangwa matofali madogo ya udongo ya mviringo yaliyofinyangwa kwa mkono. Mianzi ilichukua kazi ya kuvutwa na kupindwa, udongo ukachukua kazi ya kukandamizwa. Ni mgawanyo ule ule wa boriti na matofali ndani ya mguu wa sanamu, na mwalimu wa somo la ufundi anaweza kuuonyesha kwa mwanzi mmoja na donge la udongo kabla hajaagiza plastiki yoyote.

Waliojenga hawakuwa watu wazima peke yao. Mtaalamu wa elimu ya jamii Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika kwamba wavulana wachungaji wa umri wa miaka 10 au 11 walijijengea vibanda pembezoni mwa kijiji cha baba zao, wakalala huko na kurudi kula kwa mama zao. Vibanda hivyo vilikuwa mwanzo wa kijiji kipya cha rika lao. Desturi hiyo imekwisha, lakini inatosha kumjibu anayedai kwamba kijana wa umri huo hawezi kukabidhiwa ujenzi wa jambo zito.

Utunzaji

Hali ya hewa ya Tukuyu ni rafiki wa sanamu kwa jambo moja na adui kwa mengine. Mji huo uko juu, una ubaridi, na plastiki hailainiki kwa joto. Lakini mvua zake ni miongoni mwa zilizo nyingi zaidi nchini. ABS haiozi, kinachoharibika ni mota, betri zinazovuja kwa unyevu, na fremu ya chuma isiyopakwa rangi. Ukungu huota pia juu ya vumbi lililokaa baina ya vinundu, nao huondolewa kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto. Jua la dirishani hugeuza matofali meupe na ya kijivu kuwa ya manjano, na gari la AT-AT karibu lote ni kijivu.

Sakafu iangaliwe kabla ya sanamu. Mguu mmoja ukikalia sehemu iliyobonyea kwa milimita tatu, mitatu iliyobaki hubeba mzigo wa minne. Ubao mnene uliosawazishwa kwa pima maji hutatua hilo, na nyayo zinaweza kufungwa kwenye ubao huo.

Sanamu inayopelekwa kwenye maonyesho Mbeya isisafirishwe ikiwa imesimama. Barabara ya Tukuyu hadi Uyole ni ya lami, lakini ina milima, kona na matuta, na kila tuta ni pigo kwa viungo. Kiwiliwili kitenganishwe na miguu kwenye nyonga, kichwa kitenganishwe shingoni, na miguu ilazwe ubavu juu ya godoro, si kusimamishwa. Kwa sababu hiyo nyonga zibuniwe tangu mwanzo zifunguke kwa pini chache zinazofikika kwa mkono. Mjenzi aliyezifunika kwa matofali ya mapambo atalazimika kubomoa ubavu mzima katika ua wa ukumbi, huku watu wakimtazama.